Diski Iliyokwama Barazani

Jina la utani walilompa ni Bi Harusi, na halikuwa la sifa. Alikuwa amepiga video harusi za karibu nusu ya mji, na yake mwenyewe hajaipiga. Umri unasonga na nywele zimeanza kuchanganya rangi. Mwenyewe alikuwa akicheka tu. "Mganga hajigangi," husema, kisha anaendelea kukata na kuunga picha zake. Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake: meza moja, kompyuta mbili, pazia zito la bluu la kuzuia jua, na rafu ya diski zenye majina ya maharusi, ambao baadhi yao walikwisha kuachana siku nyingi.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, wa kiume, mrefu hata watu wakasahau jina lake wakamwita Ngazi. Ngazi alifanya kazi katika ghala la kiwanda cha unga, na aliishi na mkewe na watoto watatu katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda hicho. Asubuhi moja mlima wa magunia ulimwangukia. Walipomtoa chini yake, mweupe mwili mzima kama mtu aliyepakwa chokaa, alikuwa amekwisha kufa.

Kiwanda kiliandika barua ya nusu ukurasa. Marehemu, ilisema, aliingia mahali palipokatazwa kwa ukaidi wake mwenyewe, kiwanda hakihusiki, familia ihame nyumba katika muda wa miezi mitatu. Mke wa Ngazi aliisoma mara moja, akampa wifi yake.

"Wifi, wewe ndiye unayejua kusema na watu wa ofisi," alisema. "Mimi nikifungua mdomo nitatukana."

Ndipo akaja Karani. Huyu alikuwa karani wa ghala, na yeye na Ngazi walikuwa chanda na pete. Penye mmoja ungemkuta na mwingine. Alikuja mchana, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kufukuzwa, akatoa mfukoni leso iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu.

"Nilikuwa narekodi siku ile, Dada," alisema. "Yale magunia yalikuwa yameinama wiki nzima. Nimeandika barua tatu, hakuna aliyejibu. Nikasema, basi nitawaonyesha kwa picha. Yote yamo humu. Sijui kama utaweza kutazama."

Hakuweza. Aliichomeka kadi kwenye kompyuta, akaifungua ile programu anayotumia kwa harusi, akaiamuru igeuze video yote iwe ya kuchezeka kwenye diski, akaenda zake jikoni. Iliyotoka aliitazama mara moja tu, vidole vikiwa usoni. Dakika kumi na moja. Karani anazunguka ghala na simu yake, safu kwa safu. Kwenye dakika ya tisa Ngazi yuko chini ya mlima wa magunia; mbali kidogo, mlangoni, Msimamizi wa ghala ameinua mkono; mashine zinanguruma, na juu ya mngurumo inasikika sauti: "Ingia! Ingia ndani kidogo!" Ngazi anarudi nyuma hatua moja kuelekea magunia. Vumbi linamwagika kutoka juu. Bi Harusi akafumba macho.

Ilimtosha. Akaandika maelezo ya kupeleka kwenye baraza la usuluhishi wa kazi: Msimamizi anaonekana na kusikika akimwamuru marehemu aingie. Wifi yake hakutaka kutazama. "Mimi sitaki kumwona akifa," alisema. "Nataka wao ndio wamwone."

Baraza lilikuwa na kanuni zake. Ushahidi wa picha uletwe kwenye diski, uchezwe kwa mtambo wa baraza wenyewe, mbele ya pande zote mbili. Upande wa pili hupewa nakala ushahidi ukishaonekana na kupokewa. Mtambo huo ulikuwa televisheni yenye kisogo kinene na deki kuukuu, vyote ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye mkufu shingoni mwa katibu. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, mpole wa sauti, asiyependa kupotezewa muda.

Diski iliingia. Picha ilikuja safi. Kivuli cha Karani kilionekana sakafuni, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mke wa Ngazi aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Dakika ya tisa ikafika, Ngazi akaonekana anasogea, na papo hapo picha ikaganda. Uso wa Ngazi ukakatika vipande vya mraba, sauti ikakwaruza kama kuku anayeparua bati, kimya. Deki ikahangaika ndani kwa ndani, tik, tik, tik, kisha ikaruka: watu wanakimbia, vumbi limetanda, mtu analia. Sekunde kumi na moja zimemezwa.

Wakili wa kiwanda alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Mwenyekiti, tumeitwa kutazama ushahidi au kutazama picha ya ukutani?"

Mwenyekiti akampa Bi Harusi wiki mbili. Akamuuliza Karani, aliyekuwa shahidi, kama ni kweli kwamba Msimamizi alitoa amri ile. "Video itasema yenyewe, Mheshimiwa," alijibu.

Msimamizi alikuwa ameketi nyuma ya wakili, mtu mfupi mwenye mabega mapana. Alitikisa kichwa tu.

Bi Harusi alirudi nyumbani na hasira ya fundi, ambayo ni hasira ya aina yake. Mtu anaweza kumwita atakavyo, lakini asimwambie kwamba diski zake zinakwama. Akazilaumu diski zenyewe: alikuwa amenunua zile za rundo, za bei ya chini. Akatafuta nzuri. Akapunguza kasi ya kuchoma hadi ya chini kabisa, maana diski inayochomwa kwa pupa ni kama chakula kinachopikwa kwa moto mkali, juu kimeiva, ndani kibichi. Akahakikisha ameifunga diski mwishoni, asiiache wazi. Akabandua na ile stika ya jina, isije ikaifanya diski iyumbe inapozunguka. Kwenye kompyuta ilicheza. Kwenye deki ya mama yake ilicheza. Akaenda barazani mara ya pili, kifua mbele.

Ikaganda pale pale.

Safari hii wakili hakusimama. Alitazama saa yake. Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa. "Binti yangu," alisema, "kanuni zinaniruhusu kuahirisha mara moja zaidi. Ikishindikana, nitaamua kwa karatasi zilizopo."

Na karatasi zilizopo zilikuwa barua ya nusu ukurasa.

Njiani kurudi nyumbani wifi yake aliuliza swali moja tu: "Hivi kweli imo, wifi? Au tunajidanganya?"

"Imo."

"Basi itoe."

Bi Harusi alikaa mbele ya kompyuta akafikiri kama mtu aliyepotewa na ufunguo, anayerudi hatua zake moja moja. Diski mbovu hukwama popote. Hii inakwama mahali pamoja, diski ya kwanza na ya pili, nafuu na ghali. Kwa hiyo ugonjwa hauko kwenye diski. Uko kwenye picha. Akakumbuka kwamba kinyozi wa jirani alikuwa na deki ya aina ile ile ya baraza, imekaa juu ya kabati lake inakula vumbi. Akaiazima. Kinyozi akamwambia aichukue kabisa, maana wateja siku hizi wanatazama simu zao hata wakinyolewa.

Akachoma diski yenye dakika mbili tu: ya nane na ya tisa. Ikaganda. Akashukuru Mungu kwa kuganda kule, maana ugonjwa ukishaonekana nyumbani unaweza kutibiwa.

Jibu lilitoka kwenye harusi. Alikumbuka malalamiko ya wateja wa miaka ya nyuma: diski inacheza vizuri mpaka pale maharusi wanaporushiwa vipande vya karatasi za rangi, hapo inakwama. Picha iliyotulia ni mzigo mwepesi. Ukuta ni ule ule, sakafu ni ile ile, na kompyuta huandika mara moja kisha ikasema, mengine kama yalivyokuwa. Lakini vitu vidogo elfu vikiruka kila kimoja na njia yake, hakuna cha kama yalivyokuwa. Kila kitu lazima kiandikwe upya, mzigo unafurika, na deki kuukuu hailisomi furiko hilo kwa haraka inayotakiwa. Inaganda. Karatasi za rangi, au unga. Vumbi la unga likimwagika kutoka juu, ndani ya mwanga wa mlango, juu ya kichwa cha Ngazi.

Dawa yake ilikuwa kuweka kikomo: kuiambia programu kwamba hata picha iwe na fujo kiasi gani, mzigo usipite hapa. Tatizo ni kwamba ukibana sana, picha inakuwa uji, sura hazitambuliki. Ukilegeza, deki inakwama. Ilibidi kujaribu, kuchoma, kuweka, kutazama. Kujaribu tena. Na kila kujaribu kulimaanisha kumtazama mdogo wake akifa. Mara ya kwanza alitapika. Mara ya tano macho yalikuwa wazi. Kufika mara ya ishirini alishtuka kujigundua anatazama pembe ya juu ya picha, kuona kama vumbi limekatika vipande, na hamtazami Ngazi kabisa. Akazima kila kitu, akatoka nje akasimama juani.

Siku ya tatu ya kazi hiyo alisahau kuvaa hedifoni. Mwanzoni mwa video, kabla ya yote, Ngazi anapita mbele ya simu na kumtania rafiki yake: "Karani, nipige upande wa kulia, wa kushoto nina chunusi!" Sauti ikajaa chumba. Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama mlangoni, kashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Nani huyo anaongea?"

Bi Harusi akabonyeza kuzima. "Hakuna, Mama. Ni kazi tu."

"Mwanangu huyo." Mama hakuinua sauti. "Usimnyamazishe. Mwache aongee."

Ikabidi amchezee kipande kile, sekunde sita, mara nne. Mama hakulia. Baada ya mara ya nne alisema ahsante, kama mtu aliyepewa maji, akarudi chumbani kwake akafunga mlango.

Kesho yake deki ya kinyozi ilicheza video nzima bila kusita, dakika ya kwanza hadi ya kumi na moja. Bi Harusi angeweza kuishia hapo. Lakini fundi mzuri haishii hapo, na ndilo lililomponza. Katika kutazama kote kule, sikio lake lilikuwa limekwisha kunasa jambo jingine. Katika ghala lile kulikuwa na mtu aliyekuwa akigonga magunia kwa chapa ya mti. Dakika ya kwanza, mkono ukishuka, mlio unasikika hapo hapo. Dakika ya nane, mkono unashuka, unainuka, unashuka tena, ndipo mlio wa kwanza unafika. Sauti inachelewa. Akakadiria: sekunde nne.

Sababu aliijua mara moja, akajiona mjinga. Simu ikiingia gizani hupunguza idadi ya picha inazopiga kila sekunde, ili ipate mwanga wa kutosha. Programu ya harusi haikujua hilo. Ilizihesabu picha zote kana kwamba zimepigwa kwa mwendo mmoja, zikawa zinakimbia, sauti inaachwa nyuma, kidogo kidogo, kadiri video inavyokwenda. Wakili akiligundua hilo atasema sauti imepandikizwa. Atasema dada wa marehemu ni mtu wa kuunga picha kwa riziki yake. Hapana, lazima isiwe na doa.

Akarudi kwenye kadi yenyewe, akaigeuza upya, safari hii akiiamuru programu ifuate saa ya simu, picha kwa picha. Akaweka kikomo cha mzigo. Akachoma kwa kasi ya chini. Akaiweka kwenye deki, akavaa hedifoni, akaketi.

Dakika ya nane, mkono na mlio vilikwenda pamoja. Akatabasamu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Dakika ya tisa, sauti ikasema: "Ingia! Ingia ndani kidogo!" Na Msimamizi, kule mlangoni, alikuwa amewapa mgongo, anakunywa maji kwenye chupa.

Ngazi akaingia. Akasimama chini ya magunia, kanyoosha mgongo, mikono mbavuni, kama mtu anayepimwa urefu. Msimamizi akageuka. Akaona. Chupa ikamtoka mkononi, mkono ukainuka juu, mdomo ukafunguka wazi, anapiga kelele ambayo mashine zimeimeza. Ngazi akageuza shingo kumtazama, akarudi nyuma hatua moja. Vumbi.

Bi Harusi alirudisha. Akarudisha tena. Ile sauti, akiisikiliza sasa bila kudanganywa na ule mkono, haikuwa ya mbali hata kidogo. Ilikuwa karibu na simu. Ilikuwa ya mtu aliyeishika simu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alimpigia Karani, akamwambia neno moja: njoo.

Karani alipoingia akaiona deki mezani na kadi pembeni yake, hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, mikono ikining'inia.

"Ulimwambia aingie," alisema Bi Harusi.

"Nilitaka waone urefu wa yale magunia, Dada. Kila mtu anajua urefu wa Ngazi. Nikasema akisimama pale, hata mkurugenzi ofisini kwake ataelewa. Sekunde mbili tu. Nilisema sekunde mbili."

"Na barazani? Ulipoulizwa?"

"Wewe ulikuwa umekwisha kuandika kwamba ni Msimamizi." Machozi yalikuwa yakimtiririka, wala hakuyafuta. "Nikadhani umesikia vibaya. Baadaye nikadhani umeamua hivyo kwa ajili ya watoto. Nikasema, nani mimi nimkosoe Dada. Nilikuletea kadi ili mtu mwingine aone, maana mimi kusema nilishindwa. Ukaona kitu kingine."

Bi Harusi alitaka kumpiga. Alitafuta hasira mahali pake pa kawaida asiipate. Alikuta uchovu tu. Alimfungulia mlango, Karani akatoka.

Bi Harusi hakumwambia wifi yake. Alijiambia atamwambia kesho, na kesho ikawa keshokutwa, mpaka siku ya baraza ikafika. Mkobani alitia diski mbili. Moja ya sauti iliyochelewa, imetibiwa isigande. Nyingine ya kweli. Alipopanda ngazi za ofisi zile alikuwa bado hajui atatoa ipi, na mtu akikuambia angejua tu wakati ukifika, usimwamini. Yeye mwenyewe hajui mpaka leo.

Hakuhitaji kujua. Wakili aliwasubiri kwenye ukumbi mdogo nje ya chumba cha baraza, akiwa na karatasi. Alikuwa amepata habari, kwa katibu au kwa mwingine, kwamba safari hii diski imejaribiwa na inacheza. Kiwanda hakikuwa tayari kuona kilichomo. Kiwanda, alisema kwa sauti ya msibani, kimefikiria hali ya wajane na mayatima. Familia ibaki katika nyumba mpaka mtoto wa mwisho amalize shule. Kwa upande wao, waondoe shauri, na diski isichezwe.

Mke wa Ngazi aliisoma karatasi, midomo ikitembea. Kisha akamgeukia wifi yake. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini kwa mara ya kwanza yalikuwa na kitu kama nuru.

"Wifi, unasemaje?"

Bi Harusi aliubana mkoba kwapani. "Weka saini," alisema.

Kiwanda kilihitaji mtu wa kubebeshwa. Wiki ile ile Msimamizi aliachishwa kazi, kwa barua iliyosema kwamba amri yake ya kizembe ndiyo iliyosababisha kifo. Mjini wakaanza kumwita Ngumi ya Unga. Mkewe akawa haendi tena kisimani kwa wakati wa watu.

Siku kumi baadaye, saa nne asubuhi, Msimamizi alipiga hodi studio. Hakuja kwa shari. Alikuwa amevaa shati safi, kama mtu anayeenda kuomba kazi.

"Dada," alisema, "mimi nilimwambia atoke. Kila mtu ananiambia nilisema ingia. Mkurugenzi, majirani, sasa hata mke wangu ananitazama. Nimeanza kujiuliza mwenyewe. Nakuomba unionyeshe. Kama nilisema, nijue nilisema."

Angeweza kumwambia diski imepotea. Lilimjia mdomoni. Badala yake alivuta kiti cha pili, akavuta pazia, akaiweka ile diski ya kweli kwenye deki.

Msimamizi alitazama mara tatu. Mara ya tatu aliugusa mkono wake mwenyewe kwenye kioo, ule mkono mdogo ulioinuka, kwa ncha ya kidole.

"Basi nilisema," alinong'ona. "Basi nilisema atoke." Akalia kwa kishindo kama ng'ombe, mtu mzima yule, na Bi Harusi akatazama sakafu.

Alipotulia, aliomba nakala.

"Ukiipeleka barazani," alisema Bi Harusi, "wale watoto watatolewa nje."

Msimamizi alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Najua," alisema. "Mimi pia nina wanne."

Bi Harusi akatia diski mpya. Aliichoma kwa kasi ya chini kabisa, kwa mazoea, ikachukua dakika ishirini. Wakakaa bega kwa bega wakitazama mstari mdogo wa kijani ukijaa. Ilipotoka, ikiwa bado na joto, akaitia kwenye bahasha na kumpa kwa mikono miwili.

Msimamizi aliipeleka diski barazani, na Mwenyekiti akalifungua shauri upya. Safari hii diski ilicheza mwanzo hadi mwisho, kwenye televisheni yenye kisogo kinene, hakuna kilichokwama. Bi Harusi alisimama akakiri kwamba maelezo ya mwanzo yalikuwa ya kosa, na kwamba siku ya saini alikwisha kujua. Karani alisimama bila kuitwa. "Sauti ile ni yangu," alisema, akakaa. Makubaliano yakatenguliwa, maana yalijengwa juu ya jambo lisilo la kweli. Zile barua tatu za Karani zilipatikana kwenye jalada, na Mwenyekiti aliandika kwamba kiwanda kilizembea. Lakini marehemu hakuwa kwenye kazi aliyopangiwa aliposimama pale, na kwa sheria alizopewa, hakuweza kuwaachia nyumba. Alisoma uamuzi huo taratibu, na alipofika mwisho aliendelea kuitazama karatasi kana kwamba kuna mstari mwingine.

Msimamizi alipewa barua ya kumsafisha jina. Kazi hakurudishiwa, nafasi ilikwisha kujazwa. Karani alifukuzwa kwa kurekodi ndani ya ghala bila ruhusa.

Mke wa Ngazi na watoto wake watatu walihamia kwa mama mkwe, hakukuwa na pengine. Studio ikawa chumba cha kulala; kompyuta zikasogezwa kwenye varanda chini ya turubai. Wifi alipika, alifua, alimwogesha Mama. Kwa Bi Harusi hakuwa na neno. Akitaka chumvi alimtuma mtoto: mwambie shangazi yako alete chumvi. Miezi ikapita hivyo, mitatu, minne. Bi Harusi hakujitetea. Kila alipotaka kusema, aliona hana pa kuanzia: alikuwa amewapa nyumba kwa uongo, akawanyang'anya kwa ukweli, na vyote viwili alivifanya bila kumshirikisha mwenye msiba.

Alasiri moja walikuwa jikoni wawili, kila mmoja na kisu chake, wanamenya viazi kwenye beseni moja kwa kuwa beseni lilikuwa moja. Wifi alisema, bila kuinua macho:

"Wewe ulimwona mara ngapi?"

Bi Harusi aliacha kumenya. "Sijui. Sitini. Pengine zaidi."

Ganda refu la kiazi lilianguka ndani ya maji.

"Pale anapoingia. Kabla hajageuka. Alikuwa na uso gani?"

Hilo alikuwa nalo, waziwazi kuliko sura yake mwenyewe kwenye kioo. "Alikuwa anacheka," alisema. "Alikuwa anamcheka Karani."

Wifi aliitikia kwa kichwa. Alichukua kiazi kingine, akakizungusha mkononi kutafuta pa kuanzia.